Dakika Kumi na Mbili

Daktari Larraguibel alikuja Llonquén na fomu ya kurasa tisa,
kalamu mbili, na huruma ya kutosha mtaa mzima.
Nilimkaribisha kwenye kiti cha wageni;
mimi changu naenda nacho.

Swali la nne: *Nani humsaidia mlengwa wakati wa maafa?*
Nikamwambia, andika:
usiku ule bahari ilipojivuta nyuma
ikaacha samaki wakipigapiga mchangani,
mlengwa alikuwa kwenye redio, betri mapajani,
akiita nyumba moja moja kwa jina,
na wenye miguu walipanda kilima
wakifuata sauti yake.

Kalamu ikasita.
Fomu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Nikamwita Nolberto mwokaji, kiziwi tangu surua ya utotoni.
Alisimulia kwa mikono, unga ungali kwenye kucha,
bintiye Ailín akitupa maneno:
*Saa tisa usiku unga ulitetemeka mezani
kama ngozi ya farasi afukuzaye nzi.
Nilijua kabla ya mbwa.
King'ora kililia baadaye, kikawalilia wenye masikio.
Mimi niliona midomo wazi ikipita dirishani.*

Custodia, asiyeona, akacheka pale mlangoni:
*Ramani yenu ya kukimbilia nimeipapasa.
Laini kama shuka.
Mlima mmeuficha wapi?*

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Daktari alikunja fomu, akaenda zake.
Nikasema, huyo ndiyo basi.

Akarudi Jumatatu, mikono mitupu.
*Niulize nini?* akauliza.
Siku hiyo ndipo alipofika.

Tukapima.
Bango la manispaa lasema dakika kumi na mbili hadi kileleni,
na mtu mwembamba wa kijani anakimbia juu yake
hana mtoto, hana mkongojo, hana mama.
Sisi, mchana, bila mvua: thelathini na moja.
Chupa yenye maji nusu tuliilaza barabarani
itwambie mteremko ulivyo mkali.
Custodia alihesabu hatua kwa sauti,
Nolberto akapiga chaki kila ukingo uliovunjika,
nami nikasukuma magurudumu hadi viganja vikatoa malengelenge.
Daktari nyuma, saa mkononi,
mkono wa pili mfukoni, maana nilimkataza kunisukuma.
Nadhani yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Tuligombana pia, nisifiche.
Chuo kikatuletea fulana na sukari,
kikatuita *washiriki*.
Nikasema: apimaye hulipwa.
Tukalipwa, kwa kuchelewa, kama wapimaji wote.

Kisha tukafika kwa Ovidio.
Ripoti ya zamani ilimmaliza kwa mstari mmoja:
*amefariki; sababu, ulemavu.*
Custodia aliomba asomewe tena.
Akasomewa.
Akaomba tena.
Ovidio huyo alipanda paa la kanisa kwa magongo
kulibandika bati, akiwatukana vijana walioshika ngazi vibaya.
Hakuuawa na mguu wake.
Tukaufuta mstari, tukaandika:
*vidato arobaini na vitatu, kishikio hakuna,
taa hakuna, njia nyingine hakuna.*
Daktari alitaka kuongeza neno la kitaalamu.
Akaliacha.

Majina yetu yamo mwanzoni mwa utafiti,
si kule chini kwenye shukrani
wanakowekwa wake na madereva.
Langu wamelikosea herufi moja. Nimewaandikia.

Bango hawajalibadilisha.
Kwa hiyo jana usiku nilikwenda na kopo la rangi,
Nolberto akimulika tochi,
Custodia akisikiliza kama polisi waja.
Chini ya kumi na mbili nikaandika thelathini na moja,
tarakimu kubwa, rangi ikichuruzika,
na kando ya yule mtu wa kijani
nikachora magurudumu mawili.
Yamepinda kidogo.
Mkono wangu haufiki juu zaidi ya hapo,
na hilo nalo ni kipimo.